Malalamiko Dhidi ya Kamati ya Kibofu Changu

Munyoki, muuza nyama,
Soko la Burma.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kibofu,
Umoja, Nairobi.

Mheshimiwa Mwenyekiti na dada yangu mkubwa, Kaluki,

MINTARAFU: KUVUNJWA KWA KAMATI YAKO MARA MOJA

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ukiacha mahali tunapopajua sote. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu juzi nilijitoa kwenye grupu lenu la WhatsApp, na pia kwa sababu anayelalamika kwa maandishi huheshimiwa kuliko anayefoka jikoni kwako.

Kama ujuavyo, nina saratani ya kibofu, tena si ile ya kawaida. Daktari alinieleza kwamba mtoto akiwa tumboni huwa na kamba nyembamba inayounganisha kibofu na kitovu. Za wenzangu zilikauka, mambo yakaisha. Yangu ilibaki, na saratani ikaota ndani yake. Akasema wako madaktari wanaostaafu bila kuiona hata mara moja. Nakiri nilijisikia vizuri kidogo. Miaka yote niliyouza nyama Burma, hakuna aliyewahi kuniambia mimi ni adimu.

Akanipa njia mbili. Ya kwanza, akate sehemu ya juu ya kibofu pamoja na kamba hiyo na kitovu chenyewe, nibaki na kibofu kidogo na wasiwasi kwamba huenda kuna kitu kimesalia. Ya pili, akitoe kibofu chote, na mkojo uwe unaingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni maisha yangu yote. Anataka jibu Jumatatu. Hapo ndipo ukaita kamati, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kamati haikuundwa upya. Mlichukua ile ile ya mazishi ya marehemu Mjomba Kimanzi, mkaniongeza kwenye grupu bila hata kubadilisha jina. Nilikuwa namkatia mteja mbavu, simu ikalia, nikasoma kwamba nimeongezwa kwenye "Mazishi ya Mjomba". Nikamfungia mteja mbavu na maini ambayo hakuagiza.

2. Katibu wako, binamu Mbithi, alitumia ajenda ya zamani pia. Ilisema: maombi, kibofu, mahema. Naomba kuelezwa mahema ni ya nini.

3. Kikao chote kikaishia kwenye kitovu. Uliandika, nami nanukuu: "Kitovu hakitoki! Mtu hana kitovu, tutasema alizaliwa na nani?" Mbithi akajibu, "Kwani huwa anaonyesha nani?" Mkarushiana maneno mpaka mwanao Tiffany akaingilia: "Anko, hiyo mfuko iko sawa tu. Hata choo ya ploti hutapiga laini tena." Kusema kweli, hoja hiyo ya Tiffany ya kutopanga foleni chooni ndiyo pekee iliyoonyesha kwamba mtu alikuwa amefikiri.

4. Mbithi akaleta kura. Mlitakiwa kuchagua moja: kitovu kitoke, kibofu kitoke, au tumwachie Mungu. Shangazi yetu wa Kitui alizichagua zote, kisha akauliza mgombea wetu ni nani. Mke wangu Ndindi alipiga kura yake tukiwa tumeketi kochi moja, ameifunika simu kwa leso. Nilipomuuliza alichochagua, akaniambia kura ni siri. Kibofu ni changu, Mwenyekiti, na ni mimi peke yangu ambaye sikuulizwa.

5. Katika ukoo huu mtaalamu wa kukata ni mimi. Vibofu vya mbuzi nimevitupia mbwa wa soko tangu ujana, na sijawahi kuona kamati ya mbuzi. Najua kisu kikishapita hakuna kurudisha. Siku hizi nikisimama mbele ya nyama, mkono unasita, na wateja wanadhani nawapunja. Hilo halikuwa kwenye ajenda yenu.

Kwa hayo yote, nadai kamati ivunjwe na kila mjumbe arudi kwake. Nitachagua peke yangu, nitakwenda peke yangu, na nitakatwa peke yangu. Mkikataa, nitaunda kamati ya magoti yako na nyingine ya meno ya Mbithi, na kura zitapigwa hadharani, mbele ya duka la mboga hapo kwenu.

Nisalimie shemeji, Tiffany, majirani wote wa ploti, na Shangazi pamoja na kura zake zote.

Ndimi ndugu yako, mwenye kibofu,

Munyoki

Tanbihi: Nilijitoa kabla Mbithi hajatangaza matokeo, na tangu hapo sijatulia. Ndindi amekataa katakata kuniambia. Mimi naelekea kusema kitovu kitoke, lakini sitaki kumjibu daktari kabla sijajua nyinyi mlisemaje. Simu imenyamaza na nyumba imekuwa kubwa. Leo asubuhi muuguzi amepiga kuuliza Jumatatu nitakuja na nani. Nilikuwa nimejiandaa kusema niko peke yangu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nina kamati." Naogopa, Kaluki. Tafadhali niongeze tena kwenye grupu, hata kwa jina lile lile. Na yale mahema yaleteni, kwa sababu pale nje ya wodi mtakapokuwa mmekaa hakuna kivuli.