Kobe wa Dirishani

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata dawa ya Wembe! Huyo kinyozi wa ng'ambo ya barabara kaweka tangi la samaki dukani kwake, basi wateja wangu wote wamehamia huko kukodolea macho mapezi. Mimi nimenunua kobe. Bibi anayewafuga kanipigia mahubiri pale mlangoni kwake: jua kila siku, majani mabichi, maji safi, asikae penye baridi, na wiki hii hii nimpeleke kwa daktari wa mifugo akaangaliwe. Nikaitikia kila neno. Sikutilia maanani hata moja. Kobe ni jiwe lenye miguu, linahitaji nini?

Jumanne, 4 Machi
Saluni imefurika! Kobe nimemweka dirishani, juu ya vigae, chini ya feni, aonekane vizuri. Gamba nimelipaka mafuta ya nywele. Linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Wateja wanamlisha biskuti zilizochovywa kwenye chai. Wembe kapita mara mbili akijifanya anatafuta chenji. Mke wangu kauliza kama ndivyo nilivyoelekezwa. Nimemwambia yeye ni msusi, asuke.

Alhamisi, 6 Machi
Kobe kagoma kula. Pua inatoa mapovu. Akivuta pumzi anapiga mluzi kama birika. Nimeuziwa mgonjwa! Nimeandika bango, nikalibandika kwenye kioo: KOBE HUYU NILIUZIWA AKIWA MGONJWA. Dunia nzima imjue yule bibi.

Ijumaa, 7 Machi
Bango limesomwa. Tena na kila mtu. Mteja wa kwanza kajishika kichwa, akauliza kama ugonjwa wenyewe unapita kwenye mashine ya kunyolea. Nikasema hapana, halafu poda ikaniingia puani nikapiga chafya. Kwisha habari! Saluni tupu. Foleni ya Wembe imefika barabarani.

Jumamosi, 8 Machi
Kwa daktari. Nia yangu: atamke wazi kwamba kosa ni la mfugaji. Bibi mwenyewe nilimwita aje asikie aibu yake. Daktari akamsikiliza kobe kifuani, akamtazama pua, akauliza anakaa wapi na anakula nini. Nikaanza kusifu dirisha langu na mandhari yake. Mke wangu akanikata kauli. Feni! Vigae! Biskuti! Mafuta ya nywele! Msaliti wa kulala naye kitanda kimoja. Daktari akasema mapafu yameingiwa na baridi, na tungechelewa kidogo tungemletea gamba tupu.

Kobe akanyoosha shingo, akaachama kutafuta hewa. Sikupenda kuona. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Bibi hakunigombeza. Alimfunika kobe kwa kitambaa, akasema, "Na mimi nina kosa, mwanangu. Sikupaswa kukupa kabla sijaona atakapokaa."

Amekiri! Mbele ya daktari! Nikamgeukia mke wangu. "Umesikia?"

"Nimesikia. Wewe je?"

Sijui alikuwa na maana gani. Bibi kaondoka na kobe, atamtibu mwenyewe. Bango nimelibandua. Mke wangu kasimama nyuma yangu hadi kipande cha mwisho.

Jumatatu, 24 Machi
Kobe kapona. Nimekwenda kumwona kwa bibi: anatafuna majani kana kwamba kuna mashindano. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikaomba nirudi naye. Bibi kasema nimtembelee nipendavyo, ila kwangu harudi. Ubaguzi!

Si kitu. Njiani nimekutana na bwana mmoja anauza vinyonga kutoka kwenye katoni. Hakuniuliza naishi wapi. Hakunisomea mahubiri ya jua na majani. Hata jina lake hakutaja, na nilipogeuka kumshukuru alikuwa keshatokomea. Huyo ndiye mfanyabiashara! Na kinyonga mwenyewe ni mtulivu ajabu. Tangu tufike saluni hajafumbua macho.