Dokta wa Insha Aketi Darasani

Kitendawili! Nimekiuza asubuhi, nimekiuza mchana, na jioni bado ninacho. Hujui? Nipe mji. Ni insha ya Dokta.

Dokta huyu hakuwahi kutibu hata mafua. Alikuwa na kibanda cha fotokopi mbele ya lango la chuo kikuu, na kompyuta yake ilijaa insha za kila somo. Mwanafunzi anachagua, Dokta anabadilisha jina la juu, mashine inanguruma, elimu inatoka ingali ya moto. Nami niliyeishia shule ya msingi nikidhani wasomi wote wanasoma!

Ndipo akaja mhadhiri mpya, mama mfupi mwenye sauti ya upole. Hakumtisha mtu. Alisema tu kila mmoja akakae na fundi, aandike jinsi ufundi wake unavyofundishwa. Kila wiki alete alichoandika kikiwa bado kibichi, wenzake wamuulize maswali. Kibanda kikapoa. Insha ya kununua itajibu maswali kwa mdomo gani?

Mara manispaa nayo ikataka kuvunja vibanda vya langoni. Mwenye kauli alikuwa Bosi, bwana wa tai na kitambi, aliyejiandikisha masomo ya jioni kwa mama huyo apate kupanda cheo, na darasani hajatia mguu. Dokta akanusa nafasi.

"Mheshimiwa, mama yule haijui sura yako."

"Kwa hiyo?"

"Nitakuwa wewe. Nitakaa, nitaandika, nitaulizwa. Wewe nakuachia kazi ngumu ya kufaulu."

"Na wewe unataka nini?"

"Kibanda changu kisiguswe."

Bosi akacheka mpaka tai ikaruka. "Umeniweza! Ila nisipofaulu, kibanda chini."

Wanafunzi walimtambua Dokta siku ya kwanza. Lakini nani angesema? Ukimtaja muuzaji, umejitangaza mnunuzi.

Alimchagua shangazi yake, mshona viatu, akakaa naye kidogo tu, mengine akayatunga. Akayasoma darasani kwa mbwembwe. Binti mmoja akauliza, "Uzi unapakwa nini usikatike?"

Dokta, aliyekwisha kuandika uchumi wa dunia nzima bila kutoka kibandani, akafikiri sana. "Subira," akajibu.

Walicheka mpaka madirisha yakatetemeka. Akarudi kwa shangazi ameufyata mkia.

"Nta, mjinga wangu," shangazi akamwambia. "Keti ushike sindano."

"Shangazi, mimi nimekuja kuandika tu."

"Na hivyo vidole vimekuja kutembea?"

Basi kila wiki akawa anarudi darasani na vidole vyenye matundu, anaulizwa, anafuta, anaandika upya. Aibu gani hii! Mwizi mzima wa insha anaamka alfajiri kutafuta neno moja linalofaa. "Dokta, umerogwa," alijiambia akinyoa ndevu. "Tena umerogwa bure."

Siku ya kusoma mara ya mwisho, mama alialika wageni. Bosi naye akasikia insha "yake" inasifiwa, akaja kwa suti, akafika makofi yakipigwa. Mama akatangaza kwamba insha hiyo itachapishwa katika kitabu cha chuo. Mwandishi asimame apigwe picha. Sifa ni pombe. Bosi akasimama.

"Ndimi huyo!" akasema, akalitaja jina lake lote.

Mama akamtazama yeye, akamtazama Dokta. "Mbona mko wawili?"

"Majina yamefanana," Bosi akasema.

"Mpaka la babu?"

"Mpaka la babu."

"Makubwa! Basi niambie, shangazi alisema nini ulipojichoma sindano?"

Bosi akashika tai. "Alisema... pole."

Darasa zima likaangua kicheko, maana katika insha shangazi alikuwa amesema kila kitu isipokuwa pole.

Mama hakucheka. Akamgeukia Dokta, taratibu kabisa. "Insha hii ni ya nani?"

Bosi akakohoa, akaelekeza macho dirishani, kule kwenye vibanda. Dokta akaangalia kibanda chake, riziki yake yote. Angeweza kusema alimsaidia tu mheshimiwa, mambo yakaisha. Insha ngapi amezitoa zikaitwa za wengine, naye akalala usingizi mnono! Hii moja ikamng'ang'ania kama mtoto mgongoni. Akacheka, akijicheka mwenyewe.

"Bosi, kibanda kavunje," akasema. "Insha ni yangu."