Dari ya Ukumbi na Ubavu wa Ziada

Jumatatu, 4 Machi

Brashi imeniponyoka tena! Kila nikiinua mkono wa kulia kupaka rangi dari, vidole vinaingia ganzi. Leo imetua kichwani kwa shemeji. Ndugu wa mke wangu, fundi mwenzangu, adui yangu. Kakimbilia kwa msimamizi kunisemea. Msimamizi kataka majibu ya hospitali, la sivyo dari ya ukumbi mpya anapewa shemeji. Dari yangu! Nimeingoja mwaka mzima.

Jumatano, 6 Machi

Hospitali. Daktari, mama mpole, kaniambia niinue mikono, nikunje na kukunjua vidole. Mkono ukafa ganzi papo hapo. Nikajifanya napiga chafya ili niushushe. Kaniambia nianze upya. Chafya nyingine. Kaniandikia na dawa ya mafua! Kisha eksirei ya shingo na kipimo cha neva.

Ijumaa, 8 Machi

Majibu! Neva: safi. Nikasimama kuaga. Daktari kaniambia niketi. Eksirei inaonyesha nina ubavu mdogo wa ziada, chini ya shingo. Shemeji hana! Daktari kasema nisivimbe kichwa, wengi wanao na hawaumwi. Wala kipimo safi si ushahidi kwamba sina kitu. Ameyapima yote pamoja: ganzi, eksirei, na mapigo ya damu mkononi, yaliyofifia nilipouinua mkono, kati ya chafya na chafya. Neva na mshipa wa damu vinabanwa karibu na mtulinga, mfupa huu kati ya shingo na bega. Dawa yake mazoezi ya mabega, na marufuku kufanya kazi mikono ikiwa juu. Nikaogopa kweli. Mkono huu ndio unaolisha nyumba.

Jumapili, 10 Machi

Nimempelekea msimamizi karatasi ya neva peke yake. Dari ni yangu! Mke wangu kasema njia ya mwongo ni fupi. Shemeji kaja kunipa pole, eti nipake kuta, yeye apake dari, sifa tugawane. Mjanja huyo! Nimemkatalia.

Jumatatu, 11 Machi

Akili ni mali. Nikapanda jukwaa la mafundi, karibu kabisa na dari, nikalala chali. Aliyelala hainui mikono juu, anainyoosha tu mbele! Dakika chache, ganzi. Rola ya kupakia ikamwangukia msimamizi aliyesimama chini, na rangi yake yote. Dari kapewa shemeji mpaka nipone. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Kosa nimeliona, lakini. Rola sikuifunga kiganjani. Nimeshanunua kamba.