Vikapu Vitatu na Jani la Ndizi

Jumatatu, 13 Machi 1978
Feza ameingiza sasa hivi kichwa cha samaki ndagala ndani ya kiatu cha baba yake. Amekipigapiga na mukono ili kilale. Mwaka moja na nusu, na roho ya huruma hivi! Lakini kichwa kimetoka kwa lundo la takataka, na lundo liko hatua tatu tu toka mulango wetu. Nzi wanamufuata mutoto wangu kama wajomba. Kila asubuhi anakohoa.

Sasa habari. Chumba cha mbele kimebaki wazi! Madirisha mawili, upepo wa ziwa, mbali na lundo. Papa Nasoro, mwenye parcelle, kiwanja chetu chote, amesema: jamaa itakayosafisha parcelle mpaka Jumamosi, itahamia pale. Tuko jamaa sita. Maman Madeleine anakitaka kwa ajili ya mashini yake ya kushona. Mashini haikohoi!

Mimi niko na mawazo. Mujomba wangu, Tonton Philémon, anafanya kazi Lwiro, kwa wataalamu wa sayansi. Alinieleza kwamba kule hawatupi kitu: maganda yanarudi shambani, kopo na chupa zinarudi kazini, majivu yanakwenda kwa mboga. Nitaweka vikapu vitatu. Nimewatangazia wote pale kwa bomba la maji. Maman Madeleine ameuliza kama takataka nazo zinaanza masomo, kila moja na darasa lake. Wote wamecheka. Hata mimi kidogo.

Jumanne, 14 Machi
Nimebandika makaratasi na herufi kubwa: MAGANDA. KOPO. MAJIVU. Nilifika darasa la ine, herufi zangu ni nzuri. Maman Bulonza, muzee wetu, hajui kusoma. Amemwaga majivu kidogo mu kila kikapu, asiudhi hata kimoja. Majivu yalikuwa bado na moto. Vikapu vimebaki viwili na nusu.

Si kitu. Nimefahamu kosa: herufi. Inafaa alama ambazo hata asiyesoma anaziona!

Alhamisi, 16 Machi
Siku kubwa! Vikapu vyote nimevisogeza kwa mulango wa parcelle, wapita njia nao wajifunze. Kwa kopo: kopo juu ya kijiti. Kwa majivu: kipande cha makaa. Kwa maganda: jani la ndizi, bichi, nimelifunga juu ya muti murefu. Linapepea. Unaliona toka barabarani.

Saa kumi wameingia wanaume watatu, wapole, wakaketi. Nikafikiri wamekuja kujifunza. Nikawaeleza yote. Wakaitika kila neno. Mumoja, Papa Apollinaire, fundi wa matofali, akauliza imelala siku ngapi. Nikajibu siku tatu, ndiyo maana inaanza kunuka. Wakafurahi sana. Wakachagua kopo mu kikapu, wakazifuta na shati. Machozi yalinikaribia: watu kujali kopo hivi!

Wamekaa saa mbili nzima. Isidore, bwana yangu, amerudi toka bandarini, akawakuta, akashika kichwa. Ameniambia hata mutoto wa Bukavu anajua: jani la ndizi juu ya muti kwa mulango, maana yake kasiksi, pombe ya ndizi, inauzwa ndani. Na sheria ya kwanza ya Papa Nasoro, mutu wa musikiti, ni kwamba pombe haiingii parcelle yake.

Nilijua na mimi. Lakini jani langu lilikuwa la maganda! Kulitoa ni kupoteza kazi yote. Nimeongeza karatasi chini yake: HAKUNA KASIKSI. Yamekwisha.

Jumamosi, 18 Machi
Asubuhi Salongo, avenue muzima kuzibua mitaro kwa lazima. Jua kali. Saa tano kazi ikaisha, wanaume wakaona jani.

Kumi na moja! Na majembe yao! Karatasi hakuna aliyeisoma. Kila mumoja na kopo yake mukononi, wakimungoja maman wa kasiksi, ndiye mimi. Papa Nasoro akaingia na kanzu nyeupe. Maman Madeleine akasema polepole kwamba yeye hayumo. Papa Apollinaire akamusogezea Papa Nasoro kiti, akamwambia avumilie, inakuja.

Papa Nasoro akafunua kikapu. Maganda tu. Akatazama pale lundo lilikuwa: udongo mutupu, umefagiwa, Feza anacheza hapo. Akaniuliza. Nikamwambia yote, toka ndagala. Ndevu zilimutetemeka.

"Maman Feza," akasema, "mimi niliomba usafi. Wewe umenifungulia bar, na hata pombe haina."

Halafu akasema usafi ameuona. Nitoe jani. Kesho saa kumi atapita: akikuta mulango hauna watu, chumba ni changu. Akikuta hata wawili, ni cha mashini.

Chumba kimekaribia!

Jumapili, 19 Machi
Jani nimelitoa. Lakini maganda yanabaki bila alama, na Maman Bulonza ameanza tena na majivu. Isidore amekwenda Goma na mashua, siwezi kumuuliza. Bahati nzuri leo ni Jumapili ya Matawi! Toka misa nimeleta makuti ya mungazi, ule muti wa mawese, marefu, mazuri. Nimeyasimamisha mawili kwa mulango, moja huku, moja kule. Hakuna pombe duniani yenye alama ya makuti. Hii mara nimefikiri vizuri.

Saa tisa. Wamama wane wameingia, vitambaa vimefungwa kiunoni. Wameketi chini, wanalia. Labda moshi. Papa Apollinaire naye amerudi, amevua kofia, analeta kuni kwa moto mukubwa. Anapenda kusaidia. Sasa wako kama ishirini, lakini hakuna anayeomba kasiksi, kwa hiyo si watu wa jana.

Saa kumi. Papa Nasoro amefika! Anatembea polepole, macho chini, na mufuko wa sukari mukononi. Sukari! Nani analeta sukari kama si kwa kukaribisha mutu mu chumba kipya? Nimeanza kukunja shuka za Feza. Maman Madeleine ananiita dirishani, anasema nitoke mbio, makuti mawili kwa mulango ni alama ya matanga, watu wanataka kujua ni nani amekufa.