Mwenye Mbuzi Atoke Nje

Wanawake wenzangu wa grupu, leo nimejiaibisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Nasema humu kwenye simu kwa sauti maana kuandika sijui, na nawahi kabla Mama Namsifu hajawasimulia yeye.

Leo ilikuwa sikukuu ya mavuno. Sadaka zimepangwa nje, mlangoni mwa kanisa, zinangoja mnada: maboga, tangawizi, ndizi, na kabichi za Mama Namsifu. (Kubwa, ndiyo. Kazipanga mbele kabisa, hata kipofu azione.) Baada ya ibada tulikuwa tumchague mama wa kuongoza mafundisho ya jumuiya. Wagombea tuko wawili tu, mimi na Mama Namsifu. Yeye kamaliza darasa la saba, basi ananiambia kwa kile kisauti chake cha puani: "Dada, mafundisho yanataka mtu anayejua kusoma." Nikasema haya, tutaona.

Mwinjilisti wetu, kijana katoka chuoni juzi, akahubiri ule mfano wa mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani. Anavyoongea sasa! Anavuta maneno utadhani anavuta ndoo kisimani: "Wapeeendwa, punda hapa si punda! Mafuta si mafuta! Nyumba ya wageni ni nini?"

Mimi huyo, juu: "Ni kanisa!"

"Ameeen, bibi! Na mafuta?"

"Ni faraja!"

Kanisa zima likageuka kunitazama. Mama Namsifu akafungua Biblia yake, akaifunga. (Utamu niliousikia, wacha tu.)

Mara mzee wa zamu akaingia, akamnong'oneza mwinjilisti. Mwinjilisti akasema: "Wapendwa, kuna mbuzi anakula kabichi za sadaka. Mwenye mbuzi atoke nje."

Mbuzi gani? Huku kwetu milimani mbuzi hatembei. Anakaa bandani, analetewa majani kama bwana harusi. Nikajua huu ni mtihani mwingine. Nikasimama.

"Mwinjilisti, hilo nimelielewa! Kabichi ni matendo mema. Mbuzi ni ulafi, unakula usichokipanda." Nikamtupia jicho Mama Namsifu. Kidogo tu.

"Bibi, subi..."

"Bado! Na mwenye mbuzi ni Shetani! Kafuga kitu, kukifunga kamshinda!"

Kina mama nyuma: "Ameeen!" Kigelegele kikapigwa. Mimi shingo imenyooka kama ya jogoo.

Mlango ukasukumwa. Mbuzi huyo, anapita katikati ya mabenchi, jani la kabichi mdomoni, kamba inaburuzika. Shingoni kafungwa kipande cha kitenge chekundu chenye ndege. Nikajitazama. Nimevaa kitenge chekundu chenye ndege. (Fundi alinirudishia mabaki. Ningeyatupa?) Akawapita wazee wa kanisa wote, akaja moja kwa moja kwangu, akaniegemezea kichwa mapajani. "Meeee!"

Halafu kile kisauti cha puani:

"Shikamoo, Shetani."

Mwinjilisti kajificha nyuma ya Biblia, mabega yanamcheza. Uchaguzi nao mnaweza kukisia ulivyokwenda. Hata mimi nilimchagua Mama Namsifu, mkono mmoja juu, mwingine umeshika pembe.

Basi kwangu mimi, kuanzia leo, mbuzi ni mbuzi. Msinicheke. Na atakayeniamkia hivyo sokoni nitamwitikia marahaba vizuri tu, halafu nimfungulie mbuzi shambani kwake.