Maji Moto Wamenimaliza

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Bado nahesabu. Rafiki yangu wa kiwanda cha ushonaji aliniambia nitaacha kuhesabu nikifika kumi. Alikosea. Yeye aliolewa na mtu mwingine.

Nyumba yetu: vyumba viwili, stoo, jiko la uani, bafu lenye mlango usiofunga, na mlimau. Vyote ni vya mwenye nyumba, lakini mlimau naona ni wangu. Cherehani nimeiweka dirishani niutazame. Kuna majani yameshikana, yameviringana kama yaliyoshonwa kwa uzi mweupe. Yamekumbatiana. Nilimwonyesha mume wangu, nikamwambia hata majani yanajua tumeoana. Alitazama kwa muda, akasema atatafuta mtu wa kupunguza matawi. Nikamkatalia. Wanaume hawaoni mambo.

Nimebuni jambo. Shati lake la kesho nalitundika mlimauni tangu jioni, lilale na harufu ya majani. Mfukoni kifuani natia kijibarua cha mapenzi na peremende moja, nimeshaitoa karatasi ili asihangaike. Yeye ni kinyozi. Siku nzima amesimama, mikono imejaa. Anastahili utamu usio na usumbufu.

Wifi kapiga simu. Ni dada yake mkubwa, anauza kwenye duka la dawa. Jumapili anakuja na mama mkwe kutazama tunavyoishi. Mama mkwe alituruhusu kuhama kwa sharti: akiona mwanawe amedhoofika, tunarudi kwake, chumba cha nyuma. Wifi anasema chumba cha nyuma ameshakitia pazia. Nikauliza rangi gani. Kijivu. Nikajua vita imeanza.

Jumanne, 5 Machi

Saa nne asubuhi ujumbe kutoka kazini: "Mke wangu, maji moto wamenimaliza. Mgongo wote."

Nilikaa sakafuni. Maji yake ya kuoga nachemsha mimi. Huwa napima kwa kiwiko. Leo sikupima, nilikuwa nahangaika na ubeti wa pili wa kijibarua. Nimemuunguza mume wangu kwa sababu ya vina.

Tena maumivu yalikuwa makali. "Wamenimaliza." Mtu mwenye utulivu huandika yamenimaliza. Mimi somo la Kiswahili nilikuwa wa kwanza darasani miaka miwili mfululizo. Sarufi ikimtoka mtu, hali ni mbaya.

Amerudi mapema. Anasema alikuwa katikati ya kichwa cha mwalimu mkuu maumivu yalipomshika. Mkono ukaruka na mashine. Mwalimu mkuu sasa ana barabara kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Kaondoka amevaa kofia ya mume wangu.

Nikamvua shati taratibu. Vidoti vyekundu, vimeinuka, vimepangana mistari kutoka begani kushuka. Vingine vina kichwa cheupe, kidogo kama cha pini. Sijawahi kuona mtu aliyeungua kwa vidoti. Nikawaza: matone. Maji yalimrukia. Halafu anajikuna. Je, aliyeungua hujikuna? Sielewi. Labda ngozi ya mtu mpole huungua kwa namna yake.

Nikamwomba radhi. Akasema si wewe, ni lile shati. Nikalia. Mume gani mwingine angelisingizia shati ili asimlaumu mkewe?

Nimempaka asali mgongo mzima. Nilisikia inamfaa aliyeungua. Shati la kesho nimelitundika mlimauni kama kawaida. Peremende nimetia mbili, kwa ajili ya huruma.

Jumatano, 6 Machi

Uamuzi: hakuna maji ya moto tena nyumba hii. Nimemwandalia maji baridi ya pipani. Katoka bafuni meno yanagongana, kaniuliza amenikosea nini. Nikamwambia ni mapenzi tu. Akanitazama kama mtu anayesoma mwandiko wa daktari.

Saa tatu, ujumbe: "Leo wamezidi. Mpaka kwapani. Tatizo ni ule mlimau."

Nimeusoma mara sita. Maji baridi nayo yanaunguza? Na "wamezidi" tena. Sarufi yote imekwenda. Lakini mwisho nikapata mwanga. Tatizo ni mlimau: yaani anakosa limau. Mwili unaomba. Nikachuma manne, nikakamua, nikachuja kwa kitambaa safi.

Jioni nikampaka. Aliuzunguka uwanja mara tatu. Neno baya hakusema hata moja. Huyo ndiye mume wangu. Kisha akakaa kwenye kigoda cha cherehani, akanishika mikono yote miwili, akasema polepole kama anamfundisha mtoto kuhesabu: maji moto, mke wangu, wako, kwenye, mti.

Nilicheka. Halafu nikaogopa. Maji yako kwenye mti. Nikamshika paji la uso, lina joto. Nikamwambia apumzike, asiseme tena. Akafumba macho, akasema sawa.

Mgongo wake ukionekana hivi Jumapili, tumekwisha. Naliona pazia la kijivu hata nikifumba macho.

Alhamisi, 7 Machi

Imebidi niende dukani kwa wifi. Nilipanga vizuri: nitasema dawa ni ya jirani. Nikavaa miwani ya jua ili nisionekane nimelia.

Wifi alikuwa nyuma ya kioo, anapanga chupa. Nikasema jirani yangu kaungua mgongoni.

"Kaungua na nini?"

"Maji moto."

"Mengi?"

Hapo nikateleza. Nikasema mwenyewe anadai walikuwa wengi, lakini sarufi imemtoka kwa sababu ya maumivu.

Wifi akaweka chupa chini. Akauliza kama vidonda ni vipele vidogo vyekundu vilivyoinuka. Ndiyo. Vinachoma kwanza, kisha vinawasha? Ndiyo. Vimefuata njia, kama kitu kilikuwa kinatembea? Ndiyo, wifi, umejuaje?

"Nyumbani kwa jirani yako kuna mti?"

"Mlimau."

"Majani yake yameshonwashonwa?"

"Yamekumbatiana."

Akacheka mpaka mteja aliyekuwa nyuma yangu akaanza kucheka bila kujua sababu. "Mke wa kaka," akasema, "maji moto ni mdudu. Sisimizi mwekundu wa mtini. Anashona majani, ndiyo nyumba yake. Anang'ata, halafu anamwaga tindikali kwenye jeraha. Ndiyo maana ya hilo jina. Shuleni mlisoma nini?"

Nikasema tulisoma ushairi.

Akanipa maelezo, nami nikayaandika nyuma ya mkono kwa sababu karatasi zangu zote zimo kwenye mifuko ya mashati. Kumwosha kwa sabuni na maji ya kawaida. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika kumi, siyo kuigandisha ngozi. Losheni ya kalamini. Kidonge cha mzio ikiwa muwasho haumpi raha. Asijikune, kucha zina uchafu, kidonda kitaoza. Asali niliyomtajia iachwe kwenye mkate na limau liachwe mtini. Na akivimba midomo au uso, au akipumua kwa shida, nisije dukani kwake wala nisitunge shairi, nimpeleke hospitali papo hapo.

Nguo zianikwe mbali na mti, zikung'utwe kabla ya kuvaliwa, mfukoni pasitiwe kitu cha sukari. Hilo la mfukoni sikumwambia. Sijui kalijuaje.

Nikamshukuru kwa niaba ya jirani.

"Msalimie jirani," akasema. "Mwambie dada yake anakuja Jumapili na mama yake."

Ijumaa, 8 Machi

Sabuni, barafu, kalamini. Mume wangu mweupe mgongo mzima kama ukuta uliopakwa chokaa. Amelala chali kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Asubuhi vipele vimeshuka, vimebaki vivuli tu.

Nilimwomba radhi tena, safari hii kwa sababu sahihi. Akasema hata mama yake alipokuwa mdogo hakuwajua maji moto mpaka alipokalia tawi lao. Nadhani kalitunga ili nisijisikie vibaya. Nampenda.

Anasema Jumatatu atakuja mtu wa kukata matawi, mwenye shati la mikono mirefu na mabuti. Jumatatu! Mama mkwe anakuja Jumapili. Akiliona lile kumbatio la majani, wifi atamweleza ni nini, na pazia litafungwa nyuma yetu. Nikamwambia Jumatatu ni sawa kabisa. Nina mpango.

Jumamosi, 9 Machi

Mpango ulikuwa hivi. Mume wangu akiwa kazini, nalivisha kumbatio mfuko wa foronya, nafunga kwa uzi wa cherehani, nakata tawi kwa mkasi mkubwa wa kitambaa, natupa vyote mbali. Wadudu hawatajua hata wamehama.

Walijua.

Uzi wangu ni wa kushonea, si wa kufungia. Foronya ilifunguka juu ya kichwa changu. Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka kuwa nilipiga ufagio hewani, na kwamba ufagio ndio uliowaonyesha njia ya mikononi. Wawili walinishika kwenye kope la kushoto. Kuwatoa ni kazi, wanang'ang'ania kwa meno kama mdai haki.

Nikafuata maelezo yaliyobaki nyuma ya mkono. Sabuni. Barafu. Nikakagua midomo kwenye kioo: ya kawaida. Nikavuta pumzi mara kumi: inapita. Nikampigia wifi, nikauliza kwa ajili ya jirani mwingine, jicho moja likifumba je? Akasema huyo jirani akivimba uso mzima, au jicho lenyewe likiuma, aende hospitali, la sivyo aendelee na barafu. Kisha akasema Jumapili haiko mbali.

Mume wangu alirudi. Alichukua barafu mkononi mwangu akanishikia yeye, dakika kumi akitazama saa. Kwa jicho moja anaonekana mzuri zaidi. Sijui kwa nini.

Jumapili, 10 Machi

Walifika saa nne. Nilikuwa nimesugua sakafu, nimetandika kitambaa nilichotarizi, nimejifunika mtandio nusu ya uso.

Mama mkwe alimtazama mwanawe kwanza. Alimzungusha kama anayenunua godoro. Akamwinulia shati nyuma. Safi. Wifi akauma mdomo. Nikahisi nyumba yetu inarudi mikononi mwetu, chumba baada ya chumba.

Kisha mama mkwe akanigeukia, akasema mwanangu, mtandio ndani ya nyumba wa nini? Akauvuta. Jicho langu likaonekana. Lote bluu, limefumba, limejaa kama andazi.

Halafu mama mkwe akamgeukia mume wangu kwa sauti ya chini, mbaya kuliko ya juu.

"Nilikulea mimi?"

"Mama, si..."

"Nilikulea mimi nikakufundisha hivi? Siku ishirini na tisa za ndoa?"

Hata yeye anahesabu. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshika kiatu. Nikajitia kati, nikasema mama, si yeye, ni maji moto. Mama mkwe akasema sasa amekumwagia na maji? Nikasema hapana, walikuwa kwenye foronya. Mume wangu akasema mimi sikuwepo. Nikasema kweli, alikuwa ananyoa. Mama mkwe akauliza ananyoa maji?

Wifi ndiye aliyetuokoa, kwa uchungu kama anayelipa faini. Akasema: "Mama, ni wadudu. Kaenda kupigana nao kwa ufagio. Juzi alimpaka kaka asali wamle vizuri, akamwosha kwa limau." Akaeleza yote, na mashati, na sarufi. Hata miwani yangu ya jua.

Mama mkwe akavaa kiatu. Akakaa. Akamwuliza mwanawe kama anataka kurudi nyumbani, aseme sasa, chumba kipo. Nilishindwa kupumua, nikakumbuka hiyo ni dalili, nikapumua.

Mume wangu akasema hapana. Akasema mgongo ni wake, mke ni wake, na mti ataukatisha mwenyewe.

Basi mama mkwe akatoa hukumu. Alisema maneno haya haya, nayaandika nisiyasahau: "Mkae huku huku. Huyu nikimpeleka kwangu atanichomea nyumba akitafuta kiberiti. Chumba cha nyuma nitampa mpangaji."

Tumeshinda. Nilimbusu mkono. Ameona kwamba penzi letu linahitaji nafasi yake lenyewe. Wifi njiani aliniuliza kama nataka lile pazia, halina kazi tena. Nikakataa kwa heshima.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya thelathini. Mtu wa mabuti kaja alfajiri, kakata, kaondoka na kila kitu. Mlimau umebaki kama mwalimu mkuu. Jicho limefunguka. Mashati yamo ndani, nimeyakung'uta kila moja mara tano. Sasa mimi ni mjuzi. Nimemwambia hata muuza mkaa kuhusu kalamini.

Na sasa hivi, ujumbe kutoka kazini: "Mke wangu, nilisahau kukuambia. Nyuma ya mlango wa stoo kuna chungu. Usiguse mpaka nirudi na mafuta ya taa."

Nimekaa kwenye kigoda. Chungu! Aliwahi kuniona sokoni nimesimama mbele ya vile vyungu vya udongo, vyenye shingo nyembamba. Hakusema neno. Kumbe alinunua, akaficha stoo, akasubiri wageni waondoke. Na mafuta ya taa ni ya jiko: leo hii hii tutakipikia. Usiguse mpaka nirudi. Anataka anikabidhi kwa mkono wake. Tangu asubuhi wadudu weusi wanapita mstari chini ya mlango wa stoo; hata wao wanajua kuna zawadi.

Nami nitamtii. Sitakitoa. Nitakipapasa tu mara moja, nijue ukubwa wake, ili jioni nijifanye nashangaa kwa kipimo kinachofaa. Stoo haina taa, na viatu vinapiga kelele, majirani watasikia wakamwambia. Naenda pekupeku, nimekunja mikono ya gauni mpaka begani.