Marehemu Anaomba Kuongezewa Sehemu

Jumatatu, 3 Machi
Nauawa! Dorotea, mwongozaji wa tamthilia yetu ya mizimu, kasema Bwana Noel, mume mpole ninayemwigiza, atanyweshwa sumu Alhamisi. Misimu miwili ya kuinamisha kichwa mbele ya kamera, mwisho jeneza. Nikauliza kosa langu. Akasema watazamaji wananisahau ningali naongea.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata njia! Nimemshauri Dorotea marehemu asizikwe. Aamke jenezani akiwa na roho ya mama mkwe wake, aliyekufa kwa hasira. Mpole ageuke shetani! Macho ya Dorotea yakang'aa. Akasema Telesphory, una kichwa.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi ya ukatili. Soko la Mwanga nikamkodolea macho muuza samaki wa migebuka, nikacheka kicheko cha kaburini. Akaniuliza kama nimemeza dawa zangu leo. Akaniombea. Nyumbani nikajaribu tena. Mke wangu Honorata akasema nikimaliza kunguruma nikachote maji.

Alhamisi, 6 Machi
Tunarekodi msiba wangu, nyumba kuukuu ya Bangwe. Nimelala jenezani, pamba puani, nangoja kuamka. Mara namsikia Hamdani, anayeigiza mlinzi, anaongea kwa sauti yangu! Dorotea kabadilisha. Roho ya Noel imemwingia mlinzi, sasa anawaua waliomuua, kwa adabu: anapiga hodi, anasema shikamoo, ndipo anakaba. Watu walicheka mpaka machozi. Mimi nililia tu, chini ya kifuniko. Walikumbuka kunifungulia baada ya kula.

Jumamosi, 8 Machi
Sehemu ya msiba imeonyeshwa. Ujiji nzima ni Hamdani, Hamdani! Honorata alitazama kwa jirani, akarudi anafuta machozi. Nikadhani ananililia mimi. Akasema hakujua mwanaume mpole anaweza kupendeza vile. Akaomba tumwalike Hamdani chakula. Nimelala kifudifudi hadi magharibi. Nimefiwa na nafsi yangu mwenyewe, na hakuna aliyenipa hata mkono wa pole.

Jumapili, 9 Machi
Natoka kwa Dorotea. Nimemshauri mlinzi amezwe na ziwa, kisha roho zote ziniingie mimi. Kanikumbatia! Kasema wazo hili linashinda yote, nitapata sehemu ndefu. Akauliza tu kama naweza kukaa chini ya maji muda mrefu bila kuonekana. Nimesema naweza sana. Kesho naanza mazoezi kwenye pipa.